Madamu Lodingi

Wiki iliyopita nilikaa nyuma ya darasa moja huku Tororo, mashariki mwa Uganda, nikiwaangalia vijana wetu wawili wakifundisha walimu laptopu, nikashika kichwa. Mwalimu anauliza fleshi inafunguliwa wapi, kijana anamnyang'anya mausi, anabofya mara sita kwa spidi ya boda anayekimbia trafiki, kisha anamwambia "umeona Madamu, ni rahisi tu." Madamu hajaona kitu. Ameitika kwa sababu ana adabu, na kwa sababu chai ya saa nne ilikuwa imeshafika.

Wadogo zangu, nawapenda, lakini hayo makosa mnayofanya ni yangu, nimeyafanya yote kabla yenu, sasa si mtafute ya kwenu.

1. Mikono mfukoni. Mausi ni ya mwalimu, akikosea mara kumi wewe hesabu hadi kumi.

2. Habari ya umeme msiulize "mnao?" maana jibu ni ndio siku zote. Ulizeni Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, anajaza nani na ikiisha katikati ya wiki pesa inatoka wapi. Kuna shule tulichaji laptopu 20 usiku mmoja, asubuhi ofisi ya hedi, mwalimu mkuu, giza, basa wa kutunza pesa za shule akachukua funguo ya labu na mpaka leo sijui kama alishairudisha.

3. Intaneti. Hapa nikae kidogo.

Mwaka 2019, nilikuwa mgeni kama nyie, nina kitambulisho shingoni na maneno mengi. Shule ya upande wa Busia, jina silitaji. Mwalimu wa Biology ni mama mtu mzima, amefundisha tangu mimi niko P3, darasa la tatu, somo ni moyo na mzunguko wa damu, darasa ni S2, yaani sekondari mwaka wa pili, watoto karibu 70. Jioni mbili alikuwa amekaa anachora moyo kwenye manila, nyekundu upande huu buluu upande huu, mishale ya damu ameichora kwa rula, vali zote zipo. Chati nzuri kabisa. Mimi nikamwambia hiyo iache stafurumu Madamu, hayo mambo yamepitwa na wakati, leo watoto wataona moyo unapiga wenyewe kwa video. Akaniangalia, akasema sawa mwanangu, akaikunja.

Siku yenyewe hedi amemwalika mkaguzi wa wilaya, amekaa kiti cha mbele na daftari lake. Nimekuja na MiFi yangu, kale kamodemu ka kugawa intaneti, na bando la GB 10 nikijiona tajiri. Na ili ionekane kazi imefanyika nikaunganisha laptopu zote 20 pamoja na yake ya kwenye projekta. Madamu akabonyeza pale nilipomfundisha. Moyo ukapiga, labda sekunde nne, halafu kakaja kale kaduara. Kanazunguka. Watoto kimya, mkaguzi kimya, kaduara kanazunguka. Akabonyeza tena. Mimi natokwa jasho nacheza na MiFi, kumbe zile laptopu zimekaa kwenye maboksi miezi mingi, hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kuonja intaneti, na Windows kwenye kila moja imeanza kujivutia apdeti kimyakimya. Mia tano mia tano za MB mara ishirini, piga hesabu mwenyewe. Bando lilikwisha hata kengele ya brek haijalia.

Nikatoka mbio hadi getini, kuna mama anauza rolex, chapati za mayai, na airtime, nikanunua vocha, narudi nahema namkuta Madamu ameshachukua chaki anachora moyo ubaoni, mkono unatetemeka, na chati iko stafurumu imekunjwa. Mtoto mmoja wa nyuma akasema "Madamu, bado inalodi?" Darasa likapasuka. Tangu siku hiyo jina lake likawa Madamu Lodingi, walimu wenzake nao wakalidaka.

Ingeishia hapo ningesema ni bahati mbaya. Lakini jioni, ndani ya taksi ya kurudi Kampala, niliandika ripoti kwa simu, na sehemu ya changamoto nikaandika kwamba mwalimu hana ari ya kutumia teknolojia na anahitaji kubadilisha mtazamo. Bando sikulitaja. Apdeti sikuzitaja. Awamu ya pili ya laptopu shule ile haikupewa, na waliosoma ripoti walikuwa na sababu, niliwapa mimi. Halafu Machi 2020 shule zikafungwa, mnajua wenyewe zilifunguliwa nusunusu zikafungwa tena, mpaka Januari 2022 ndipo zikafunguliwa kabisa.

Zilipofunguliwa nikaenda. Laptopu ziko stoo nyuma ya magunia ya unga wa posho, betri nyingi zimekufa. Madamu akanipa chai, akaniulizia wazazi. Nikamweleza ukweli wa ile siku, apdeti, bando, ripoti, kila kitu. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Kumbe. Miaka yote hii mimi nilijua ni mimi nilibonyeza vibaya."

Sikumaliza ile chai.

Siku hizi anafundisha na projekta vizuri kuliko nyie, na ile chati inaning'inia pembeni yake, watu wa ofisi wakija nawaonyesha. Kwa hiyo nikimsikia tena mtu anasema "walimu wa zamani wagumu" nitamuuliza kwanza mita ya bando lake ilisoma ngapi.

4. Shusheni kila kitu mkiwa ofisini. Kolibri ya masomo, Kiwix ya kusomea Wikipedia, simulesheni za sayansi za PhET, zote zinafanya kazi bila mtandao. Na kwenye Windows wekeni ile alama ya metered, inayoiambia bando ni la kupimwa isijivutie apdeti, kabla laptopu haijatoka kwenye gari.

5. Paswedi ya admini wajue watu wawili pale shuleni, na iandikwe kwenye kitabu cha DOS, mwalimu wa taaluma. Usiondoke nayo kichwani kama siri ya ukoo.

6. Msianze na video. Tangu mtaala mpya wa lower secondary uingie 2020 mwalimu amebebeshwa projekti na alama za kila mada, mtu ana watoto 140 na kalkuleta ya simu. Mwonyeshe Eksel ikijumlisha yale maalama kwa sekunde moja, kesho atakutafuta yeye mwenyewe na atakuja na mwenzake. Huyo mama wa Biology ndipo alipoanzia, moyo ulikuja baadaye sana.

7. Chaja zina namba, zihesabuni kabla ya kufunga boksi. Na yule aliyeondoka na namba 14 pale Tororo, naomba ifike ofisini Jumatatu, yule mwalimu amenipigia mara tatu.