Mashua imekauka, maungio yamefunguka: nizibe kwa gundi?

SWALI: Nina mashua ya mbao ya futi 24 hapa Pangani. Niliipandisha pwani mwezi Juni kukwepa upepo wa kusi, na nataka kuishusha kwenye bamvua (maji makubwa) la Septemba. Maungio ya mbao yamefunguka hadi nikiwa ndani naona mwanga. Fundi mmoja anataka kuyajaza gundi ya epoksi yenye unga wa mbao, kisha aivike fiba nje yote. Anasema haitavuja tena. Nikubali?

JIBU: Usikubali. Mashua yako ina kiu tu.

Ubao ukikauka hupungua upana. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana nafasi zimejitokeza ubavuni. Ukinywa maji, upana unarudi. Sasa ukishajaza pale kitu kigumu kisichobonyea, ubao ukivimba utaenda wapi? Utausukuma wa jirani yake, misumari italegea kwenye mataruma (mbao za ndani zinazoshika ubavu), na taruma lenyewe linaweza kupasuka. Hili naliona kila msimu wa kushusha vyombo, na linaniuma, kwa sababu mwenye mashua amelipa fedha nyingi ili kuharibiwa chombo kilichokuwa kizima. Hata pamba ya kalafati, yaani ya kuzibia maungio, ambayo hubonyea, ukiishindilia kwa nguvu kwenye mbao zilizokauka kiasi hicho italeta madhara yaleyale.

Anza wiki moja kabla ya bamvua. Tandaza magunia mabichi ndani na uyamwagie maji asubuhi na jioni. Nje pia mwagia, na upande unaopigwa na jua uwekee kivuli cha makuti. Tumia maji ya bahari. Ya kisima au ya mvua yakituama ndani huozesha mbao. Wala usiijaze mashua maji ikiwa bado juu ya magogo: meta moja ya ujazo ni tani nzima, na mbavu zilizoegemea gadi (miti inayoiegemeza isilale) hazikuundwa kubeba mzigo huo. Kina cha shibiri moja juu ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, kinatosha. Gadi zenyewe ziguse palipo na taruma, zisisukume ubao katikati.

Kwenye bamvua maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri. Mwezi wa Septemba bamvua huwa kubwa, kwa hiyo hutakwama. Anayepandisha chombo kwa bamvua la Machi hadi mwisho wa maji ndiye huachwa juu, akingoja miezi. Injini, mlingoti na foromali (mti unaoshika tanga) viwe vimeshatolewa. Shusha, uifunge ndani ya mto mahali penye matope laini ambapo hukaa chini maji yakipwa. Tia farumi (uzito) ya kuituliza, fungua nguruzi (kizibo cha tundu la chini), uiache izame siku mbili au tatu. Kisha maji yakipwa, iache ijimwage, ziba nguruzi, ungoje yajae. Panapotiririka maji tia alama kwa msumari. Hapo tu ndipo panahitaji fundi: pamba ya zamani itolewe kwa ndoana, mpya isokotwe na kuloweshwa mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya samaki), igongwe kwa chembeu (patasi ya kalafati) hadi ikae chini kidogo ya uso wa ubao. Chini ya maji malizia kwa deheni ya chokaa na shahamu. Oili chafu ya injini usipake kabisa. Deheni haishiki juu yake, na oili hiyo inachafua maji mnayovua.

Kuhusu fiba: ni nzuri kwa boti iliyoundwa kwa fiba. Juu ya mbao kuukuu zilizopigiliwa misumari, mbao zinaendelea kucheza ndani na ganda la nje halichezi. Linapasuka unywele, maji yanaingia nyuma yake na hayatoki. Ubao unaoza gizani, misumari ya chuma inakuwa kutu, na nje rangi bado inang'aa. Anayeahidi kwamba chombo cha mbao hakitavuja tena hakijui chombo cha mbao, maana kila kimoja hutoa maji kidogo na kina upo wake, chombo cha kukumbia maji. Kabla ya kununua mashua iliyovikwa hivyo, igonge kwa mpini wa nyundo kuanzia mkukuni kwenda juu. Panaposikika kama debe tupu, ganda limeachana na ubao. Papo hapo toboa tundu dogo ukiwa na mwenye mashua, uangalie kama yatatoka maji meusi.