Hina ya Idi ndiyo kalenda ya kucha zangu

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Kucha zangu zikianza tu kurefuka zinakatika. Wenzangu mnafanyaje mpaka zikawa imara, bila ya kubandika?" Mimi niko Unguja, kazi yangu kupaka hina, mwaka wa 22 huu, na mikono ya watu ndiyo ninayoishika kutwa. Kabla sijamjibu ndugu yetu aliyeuliza, na mimi nina swali: mikono yako inaingia majini mara ngapi kwa siku?

Nauliza kwa sababu wanaokuja kwangu na kucha zilizochanika ncha, zinazobanduka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu, mara nyingi si watu wa njaa. Ni watu wa maji. Mama lishe, mfua nguo, muuguzi, mwenye mtoto mchanga. Ukucha unanyonya maji ukavimba, ukikauka unanywea. Mara moja si neno. Mara ishirini kwa siku, na sabuni ya unga na jiki juu yake, tabaka zinaachiana. Basi dawa yangu ya kwanza ni glavu za mpira za kuoshea vyombo na kufulia. Najua zinaleta joto na watu watakucheka eti unajifanya mgonjwa. Zivae hivyo hivyo. Na ukishatoa mikono majini ifute, kisha jipake mafuta ya nazi au mafuta ya mgando mpaka chini ya ukucha, pale unapotokea kwenye ngozi. Usiku paka tena. Sina siri nyengine ya mafuta zaidi ya hiyo, na wala hayakuzi ukucha. Yanauzuia tu usikauke ukawa kama kijiti.

Hayaukuzi kwa sababu ukucha tunaouona umeshakufa, kama unywele. Ulio hai ni mzizi uliojificha chini ya ngozi. Hapo ndipo hina inaponisaidia kuwafahamisha watu. Rangi ya hina ikishaushika ukucha haitoki kwa sabuni wala kwa asetoni, inaondoka kwa kukatwa tu. Nikimpaka binti yangu Idi ndogo, Mfunguo mosi, yaani mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani, basi Idi kubwa ikifika, yaani baada ya miezi miwili na siku kumi hivi, chini kumeshatoka ukucha mpya mweupe wa kiasi cha milimita saba, nusu ya ukucha na zaidi kidogo. Tukifika Maulidi, Mfunguo sita, hina imebaki ncha tu. Kwa hiyo ukucha mzima wa mkono unahitaji takriban miezi sita. Wa mguu ni mwaka mpaka mwaka na nusu, ndiyo maana hina ya miguuni unaweza kuikuta Idi nyengine.

Yuko daktari mmoja Mmarekani, William Bean, aliyekuwa akijitia alama kwenye ukucha wa gumba kila mwezi kwa miaka 35. Alipokuwa na miaka 32 ukucha wake ulikua milimita 0.123 kwa siku. Alipofika 67 ulishuka hadi 0.095. Niliposoma habari zake nilifurahi, kumbe wazimu huu sina peke yangu. Lakini hesabu hiyo ina maana kwako, ndugu muulizaji: ukianza kujitunza leo, usiutazame ukucha kesho. Utazame baada ya miezi mitatu, tena sehemu ya chini.

Mimi mwenyewe nilijiharibu. Harusi ya mdogo wangu nilipakwa rangi ya jeli, ile inayokaushwa kwa taa, ikapendeza kweli. Wiki ya pili ikaanza kunyanyuka pembeni, nikawa naibandua kwa meno huku nikitazama tamthilia. Ilitoka na tabaka la juu la ukucha wangu. Kucha zikawa karatasi, nikishika kikombe cha chai moto nasikia mpaka ndani. Mpaka hina mzima, nikawa naficha mikono mbele ya wateja! Nilizikata fupi kabisa nikasubiri, Mfunguo kwa Mfunguo. Hakuna kilichozitengeneza zile zilizoharibika. Zilisukumwa tu na mpya, nikazikata zikaisha.

Kwa hiyo fupi si aibu. Kata mara baada ya kuoga, ukucha ukiwa laini, nyoosha juu na zungusha pembe kidogo. Kupiga msasa ni ukucha ukiwa mkavu, na uende upande mmoja, usiende na kurudi kama unayekata mti. Usiufanye ukucha kuwa bisibisi ya kufungulia mikebe. Na ukikuna nazi, dakika ile kifuu kinapobakia chembamba acha tamaa, mbuzi anakula kucha kuliko kitu chochote jikoni.

Wale vijana wanaopita mitaani wakigonganisha vichupa vya rangi siwachukii, nao wanatafuta riziki. Ila wakitoa kile kikoleo cha kukatia ngozi inayouzunguka ukucha, mimi narudisha mkono. Ngozi ile ni kizibo. Ikikatwa vijidudu vimepata mlango, na mdudu wa kidole hakulazi usiku. Tena kikoleo hicho hicho kimetoka kwa jirani yako, na sijui kimeoshwa wapi. Fangasi husafiri hivyo, na homa ya ini pia. Nunua chako.

Wengine watakwambia paka kitunguu saumu. Sikuona ukucha uliorefuka kwa hicho, nimesikia harufu tu. Ndimu inang'arisha, lakini inakausha, na ukitoka juani na maji yake mikononi ngozi inaweza kuungua na kuacha baka jeusi. Sisi wapaka hina tunalijua hilo. Na piko, ile nyeusi yenye dawa ya nywele ndani, nimeona mikono iliyotoka malengelenge, siitii tena.

Vidonge vya bayotini, vitamini inayouzwa eti inaimarisha kucha, binti yangu alivinunua kwa pesa nyingi. Ushahidi wake ni mdogo, na dozi kubwa inaweza kuvuruga majibu ya vipimo vya damu, vya tezi na hata vya moyo, kwa hiyo ukienda hospitali sema unavimeza. Madoa meupe nayo si upungufu wa kalsiamu kama tulivyoambiwa tangu utotoni. Mara nyingi ni alama ya pigo dogo ulilolisahau, na yanapanda juu na ukucha mpaka yakatwe.

Lakini kuna kucha ambazo hata glavu hazizisaidii. Alikuja bi harusi mmoja, kucha zake bapa, katikati zimebonyea, ukidondosha tone la maji linakaa kama kwenye kijiko. Nikamuuliza, unakula udongo? Akacheka, kisha akakubali. Nikamwambia hina nitakupaka, lakini kesho ukapime damu. Ilikuwa pungufu, madini ya chuma yamekwisha. Mtu wa namna hiyo anahitaji matibabu, na chakula chenye chuma: dagaa, maharage, maini, mchicha na chungwa pembeni, na chai isubiri baada ya chakula, isiwe pamoja nacho, maana inazuia chuma kuingia mwilini.

Na mistari myeusi ya urefu kwenye kucha zetu watu weusi ni jambo la kawaida, hasa ikiwa kwenye vidole vingi. Ukiwa mmoja tu, mpya, unapanuka au rangi inamwagika mpaka kwenye ngozi, usiupake rangi kuuficha, nenda kwa daktari. Bob Marley, mwaka 1977, aligunduliwa saratani chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, na mwaka 1981 akafariki.

Ukitaka kujipima, si lazima uwe na harusi wala Idi. Chukua hina kidogo, ipake ukucha mmoja wa kidole cha kati, maana hicho ndicho kinachokua upesi, na andika tarehe. Wangu nilipaka Mfunguo mosi. Sasa ni Mfunguo tano, wekundu umebaki ncha, na kikombe cha chai nakishika bila ya kitambaa.