Muulize Mwalimu: Nikienda kiwandani, utafiti ndo basi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza digrii ya kemia, ninachokipenda ni kemia ogania hasa mambo ya vichocheo (vitu vinavyoharakisha mmenyuko bila vyenyewe kuisha). Nimepata kazi kiwanda cha rangi ila lekchara wangu anasema ukishaingia kiwandani utafiti ndo basi tena, bora nikomae na masta hata kwa kujilipia. Nyumbani wanataka nianze kuleta hela. Nifanyeje? Mhitimu, Morogoro.

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera kwa kazi. Lekchara wako simbishii yote ila hapo kwenye "ndo basi" nambishia, maana hiyo fani yako imebebwa sana na watu waliokuwa wanakula mshahara wa kampuni.

Mchukue Richard Heck, Mmarekani. Kachukua PhD chuo kikuu cha UCLA, California, 1954, mwaka 1957 akaajiriwa Hercules, kampuni ya kemikali kule Wilmington, Delaware. Bosi akamwambia afanye chochote na metali za mpito (kundi la kina chuma, kobalti na paladiamu), basi, hakuna cha andiko la mradi wala nini. Akaanza na kobalti, yeye na mwenzake David Breslow wakachambua hatua kwa hatua jinsi inavyochochea mmenyuko, halafu akahamia paladiamu na 1968 akatoa makala saba mfululizo kwenye jarida la chama cha wanakemia wa Marekani, zote jina lake peke yake!! Alichofanya ni kuunganisha kaboni na kaboni, pete ya benzini na alkeni (molekuli yenye kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi mbili), kazi ambayo zamani ilikuwa inawatoa watu jasho. Ila ilikuwa inahitaji zebaki, na zebaki ni sumu. Akahamia Chuo Kikuu cha Delaware 1971, mwaka uliofuata akatoa njia isiyo na zebaki, anatumia benzini yenye iodini (Mizoroki wa Japani alishatoa ya kwake inayofanana 1971). Paladiamu inajipenyeza kati ya kaboni na iodini, inamshika alkeni, inawafunga pamoja, kisha inajitoa na kwa msaada wa besi inaanza upya. Kastaafu 1989, Nobel imemkuta 2010 ana miaka 79 anaishi Ufilipino, kwao mkewe, akagawana na wanakemia wenzake Negishi na Suzuki.

Na William Knowles naye, huyo alikuwa kampuni ya Monsanto, St. Louis, Marekani. Yeye na rodiamu yake ndo walifanya L-DOPA, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, itengenezwe kiwandani ikiwa ya "mkono" mmoja tu unaotakiwa (molekuli nyingine zina maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto). Nobel 2001.

Sasa usinielewe vibaya, kiwanda chako sio Hercules. Huku kwetu mkemia mara nyingi anaajiriwa kupima ubora, mnato, pH, rangi imekauka saa ngapi, kesho hivyohivyo. Kwahiyo kabla hujasaini uliza kama kuna watu wa kubuni fomula mpya, na kama wanakuruhusu kuchapisha kitu. Lakini hata wakisema hapana mi ningeichukua, na nakwambia kwanini: ile rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza thina tu, inakauka kwa sababu mafuta yanashika oksijeni ya hewani na kufungana, na kinachoharakisha ni draya, chumvi ya kobalti. Kichocheo hicho! Metali ileile aliyoanza nayo Heck. Na siku hizi wanaikimbia kobalti kwa ajili ya usumu wake, wanajaribu manganizi na chuma, we unaona hapo hakuna mada ya masta? Fanya kazi, omba skolashipu huku unalipwa, ila kujilipia masta bila kipato hapana kabisa.

SWALI: Mwalimu hiyo paladiamu si ghali? Viwanda havipati hasara? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ghali kweli, ndo maana watu wanaiba masega ya ekzosi za magari, mle kuna paladiamu, platinamu na rodiamu. Ila kichocheo hakiliwi, chembe moja inazungusha kazi mara nyingi sana, kwahiyo wanatia kidogo mno halafu wanajitahidi kuirudisha. Kinachowasumbua zaidi watengeneza dawa ni kuisafisha isibaki kwenye dawa, kwa dawa ya kumeza mwongozo wa kimataifa unaruhusu mikrogramu 100 tu kwa siku, na kuna wakemia kazi yao ni kuiondoa hiyo tu.