Kuchomeka neno katikati ya stringi kwenye Python

Mkuu, nimekupata, risiti ya duka lako hapo Kibirizi inatoa "Dagaa Kigoma" na unataka "wa" ikae katikati, ila insert() inakugomea. Hiyo ni ya listi (orodha ya vitu), stringi (maandishi ndani ya programu) ikishaundwa haibadiliki kwa hiyo unaikata unaunda mpya, hapa s ndiyo "Dagaa Kigoma" yako:

s = s[:6] + "wa " + s[6:]

Hesabu inaanzia 0 na nafasi tupu nayo inahesabiwa, ndiyo maana K ya Kigoma iko kwenye 6, wengi wanateleza hapo. Kuongeza mwishoni ni s += " kilo 2" tu, bei ikiwa namba ipitishe kwanza kwenye str() igeuke stringi. Mistari ikiwa maelfu weka kwenye listi kisha ziunganishe kwa "".join(listi), ni haraka zaidi. Na tafadhali usijaribie kwenye faili la mauzo halisi, piga kopi kwanza.