Robo ya Panadol kwa paka aliyetoka kufungwa kizazi: usimpe

Mkuu, weka hicho kidonge chini kwanza. Umesema paka wako jike wa kilo 2.5 amefungwa kizazi jana, amelia usiku kucha, na muuza dawa wa mtaani kwenu kakwambia umpe robo ya Panadol asubuhi na jioni. Halafu umeuliza habari za kidonda na za kola, ile ya kuvaa shingoni ili asilambe mshono. Hayo mengine yanaweza kusubiri jioni. Hili la robo haliwezi.

Piga hesabu. Kidonge kimoja cha kawaida kina miligramu 500 za parasetamoli, kwa hiyo robo ni 125. Kwa paka wa kilo 2.5 hizo ni miligramu 50 kwa kila kilo ya mwili wake. Mtu mzima wa kilo 70 akimeza vidonge viwili kwa mpigo anapata kama 14 kwa kilo. Kwa hiyo hiyo inayoitwa robo inazidi mara tatu kipimo cha baba mtu mzima, na anapewa mnyama ambaye hata miligramu 10 kwa kilo imeshawahi kumdhuru. Usitafute nusu ya robo. Usikimbilie sirapu ya watoto ukidhani ni laini zaidi: ni parasetamoli ile ile, na kijiko cha mililita 5 kwa kawaida kina miligramu 120.

Sababu iko kwenye ini. Ini la binadamu lina kimeng'enya kinachoifungasha parasetamoli ili itoke na mkojo bila madhara. Paka kimeng'enya hicho hana cha kutosha, ndivyo alivyoumbwa, awe wa mtaani au wa kununuliwa. Dawa isiyofungashwa inageuka sumu, na kwa paka sumu hiyo huanza na damu: chembe nyekundu zinaharibika na kushindwa kubeba oksijeni, damu inakuwa ya kahawia. Ndani ya saa chache fizi zinapoteza uwaridi wake na kuwa za kahawia au za kijivu-bluu. Anapumua kwa kasi, anatoa mate, uso na nyayo zinavimba, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Paka huyo anakosa hewa huku mapafu yake ni mazima, na mwenye paka anabaki kuamini kwamba operesheni ndiyo iliyomuua.

Hapo ndipo ninapokasirika kweli. Muuza dawa kasomea dawa za watu, na kwa watu namheshimu. Lakini hakuuliza uzito, hakuuliza paka kachomwa sindano gani jana, hakusema "hili silijui, mpigie daktari wa mifugo". Kakata robo kwa sababu paka ni mdogo, kana kwamba paka ni mtoto mchanga mwenye manyoya. Na wale wanaochangia mtandaoni kwamba paka wa kwao alipewa akapona, wanaucheza uhai wa mnyama wa mwenzao. Na huku operesheni umeshailipia!

Kama umeshampa, hata kipande kimoja, usisubiri dalili. Mpeleke sasa hivi, beba na pakiti, taja saa uliyompa. Usimnyweshe maziwa, hayaondoi sumu hii. Usimtapishe kwa chumvi: chumvi nyingi nayo ni sumu, na tumbo lake lina mshono wa jana. Tiba ipo, inaitwa asetilisisteini. Hutolewa miligramu 140 kwa kilo mara ya kwanza, kisha 70 kila baada ya saa sita, na ni kazi ya daktari. Mtajie jina hilo unapopiga simu, kwa sababu kliniki nyingi ndogo haziiweki, na ikibidi itafutwe kwenye hospitali kubwa ya watu ni bora itafutwe wakati mko njiani.

Orodha haiishii kwenye Panadol. Brufeni na diklofenaki zinachoma tumbo la paka na kuua figo. Hata diklofenaki ya kupaka, kwa kuwa atailamba. Aspirini huchukua karibu saa 40 kupungua nusu tu mwilini mwake, kwa hiyo kipimo cha kesho kinapanda juu ya cha leo. Meloksikamu, dawa nyingine ya maumivu, ndiyo inayowachanganya watu, maana madaktari wa mifugo kweli huitumia. Ila kipimo cha paka cha kunywa kila siku ni karibu miligramu 0.05 kwa kilo. Kwa wako hiyo ni 0.125. Kidonge cha binadamu kina 7.5. Ni mara 60.

Sasa huko kulia. Usiku wa kwanza kilio mara nyingi si maumivu, ni nusukaputi inamtoka. Ketamini, dawa ya nusukaputi ambayo hutumika sana kwa paka, humwacha na mboni zilizopanuka, anayumba, analia bila kujua aliko. Mweke chumba kidogo chenye giza, kwenye blanketi na si kwenye vigae, kwa sababu mwili wake bado haujimudu kwa joto, na asipande juu ya kitu chochote. Maumivu ya kweli yanaonekana vingine: anajikunja kama mpira, macho nusu yamefumba, hataki kuguswa ubavuni, anajificha na kukataa chakula. Ukiyaona hayo, au kilio kikivuka siku nzima, mpigie aliyempasua umuulize mambo mawili: alimchoma dawa gani ya maumivu na saa ngapi, na kama anaweza kuongezewa. Sindano ya meloksikamu hufanya kazi karibu siku nzima. Ukiongeza kidonge chochote cha jamii hiyo, kama brufeni, diklofenaki au aspirini, juu yake, figo ndizo zitakazolipa.

Fizi zikiwa nyeupe na paka amelegea, hayo si maumivu tena, huenda damu inavuja ndani. Usiulize mtu mtandaoni, nenda.

Kola inakaa siku 10 hadi 14, usiku na mchana, hata akikununia. Ulimi wa paka una vijimiiba. Kulamba kidogo tu kunalainisha kovu, kisha meno yanakata uzi. Ukingo wake upite pua kidogo, na vidole viwili viingie kati ya kola na shingo. Mvue wakati wa kula tu, nawe ukiwa umekaa hapo hapo. Akiikataa kabisa, kata mkono wa fulana ya pamba, toboa matundu manne ya miguu, umvalishe, ukihakikisha nyuma hauzibi njia ya mkojo.

Kidonda usikipake kitu. Si spiriti, si Dettol. Dettol ina kemikali za jamii ya fenoli ambazo paka hazimudu, kwa udhaifu ule ule wa ini. Pakiwa na damu iliyokauka, futa kwa pamba na maji yaliyochemshwa na kuachwa yawe vuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Mchanga wa choo ubadilishe uweke magazeti yaliyochanwa, punje zisinate kwenye mshono. Na asitoke nje: nzi akitua kwenye kidonda kibichi, kesho kutwa utakuta funza. Kinundu kigumu chini ya mshono siku ya tano au ya sita ni kawaida, ni mwili unazipokea nyuzi. Kikiwa laini na ukikibonyeza kinaingia ndani, huo ni mshono wa misuli umeachia, arudi kwa daktari siku hiyo hiyo.