Re: Rosický alikuwa mkali kweli au ni sifa za mashabiki wa Arsenal tu?

Mkuu, uliyeuliza hivyo nadhani ulianza kumtazama akiwa London, wakati mguu umeshamsaliti. Huyu Tomáš Rosický, kiungo wa Czech, alitoka Sparta Prague ya kwao kwenda Borussia Dortmund Januari 2001, na mwaka uliofuata akabeba ubingwa wa Ujerumani akiwa na miaka 21. Wajerumani walimwita Mozart mdogo, na hawakuwa wanatania. Kombe la Dunia 2006 aliwapiga Marekani mabao mawili. Lile la kwanza lake, shuti la mbali, litafute ulione.

Arsenal wakamchukua mwaka huohuo. Januari 2008 akaumia kwenye mechi ya Kombe la FA na Newcastle, akaja kurudi Septemba 2009. Zaidi ya mwaka na nusu! Kiungo gani anayeishi kwa kasi na pasi za kisigino angerudi yuleyule? Hata hivyo Machi 2014 aliwafunga Tottenham kwao, bao pekee la mechi, dakika mbili hazijaisha.

Timu ya taifa ya Czech aliichezea mechi 105. Alistaafu Desemba 2017 akiwa Sparta, na baadaye akawa mkurugenzi wao wa michezo. Kwangu mimi alikuwa mkali, tena sana.