"Kuliko" siyo "than" peke yake

Mkuu, umeuliza kwa nini "My brother is tall than me" imekatwa na mwalimu wakati "than" ipo na tahajia iko sawa. Nakuelewa sana. Mimi kosa hilo nililiandika miaka, na kila nikikatwa naikagua "than" herufi kwa herufi, sioni tatizo.

Tatizo ni "tall". Sisi tunasema "kaka yangu ni mrefu kuliko mimi" na "mrefu" haiguswi, kazi yote inabebwa na "kuliko". "Than" haina ubavu huo. Kiingereza kinataka kivumishi kibadilike kwanza, "taller", ndipo "than" ije kumtaja unayelinganishwa naye. Kwa hiyo "kuliko" moja ya kwetu kule inakuwa vipande viwili: "-er than", au "more ... than" kwa vivumishi virefu kama "expensive" na "difficult". Kipande kimoja kikikosekana, sentensi inachechemea.

Nilipolijua hilo nikapitiliza upande wa pili. Kwenye barua ya kuomba kazi nikaandika kwamba mimi ni "more better than" waombaji wengine. Sikuitwa, ingawa siwezi kuibebesha sentensi hiyo lawama zote! Kinachotuponza hapa ni "bora zaidi": tunaona lazima "zaidi" nayo ipate neno lake. Lakini "better" tayari ina "zaidi" ndani, sawa na "worse" na "taller". Ukitaka kukoleza, sema "much better" au "far better". Shakespeare aliwahi kuandika "more better", ila hiyo ni miaka 400 iliyopita na msahihishaji wako hatakuelewa.

Kuhusu "then": zamani lilikuwa neno moja na "than", ndiyo maana masikio yanadanganya hata Waingereza wenyewe. Mimi hutumia kipimo kimoja tu. Ikikubali "kuliko", andika "than". Ikikubali "halafu" au "wakati ule", andika "then".

Kuna mahali "kuliko" yetu inatuingiza mtegoni kabisa. "Napenda kusoma kuliko kuandika" ukitumia "prefer" inakuwa "I prefer reading to writing", "than" haina nafasi hapo. "Superior", "inferior" na "senior" nazo zinafuata njia hiyo hiyo, zinataka "to". "Different than" utaisikia Marekani, lakini "different from" haikataliwi popote.

"Than I" au "than me"? Watu wanagombana bure. "Taller than me" ni ya kawaida, "taller than I am" ni rasmi zaidi. Angalia tu maana isipinde: "She likes you more than me" inaweza kuwa anakupenda wewe kuliko anavyonipenda mimi, au anakupenda kuliko mimi ninavyokupenda. Malizia na "than I do" au "than she likes me", ugomvi uishe.

Halafu ile sentensi yako ya pili, "She is more old than all". "Mkubwa kuliko wote" kwa Kiingereza kwa kawaida haihitaji "than": "She is the oldest." Ukiing'ang'ania "than", sema "older than all the others". Usiiache hiyo "others", maana yeye naye ni mmoja wa hao "all", na hawezi kuwa mkubwa kuliko nafsi yake.